Naomba ushauri: kupiga picha za waendesha baiskeli kwa flashi wakati wa mvua

Kivuli Kirefu

Habari zenu wapiga picha wenzangu. Ninapiga picha za mashindano ya baiskeli za barabarani, na siku za jua sina tatizo kubwa. Kinachonisumbua ni siku za mvua, mawingu yanapofunga na mwanga kuwa wa kijivu, ilhali hapo ndipo mchezo huu unapopendeza zaidi kwenye picha, kwa kuwa maji yanaruka kutoka kwenye matairi na nyuso za waendeshaji zinaonyesha jinsi wanavyojituma. Ninatumia flashi mbili ndogo zinazowashwa kwa redio, lenzi ya milimita 24 hadi 70, na kamera ambayo shata yake (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) haiendi sambamba na flashi kwa kasi inayozidi sekunde 1/250.

Nikipiga kwa 1/250 flashi zikiwa kwenye nguvu kamili, mwendeshaji anatoka na kingo mbili, moja kali iliyochorwa na flashi na nyingine hafifu iliyochorwa na mwanga wa mchana. Nikipandisha shata hadi 1/1000 kwa kutumia ile hali ya flashi ya kasi kubwa, mwanga hautoshi. Nikiweka flashi juu ya kamera, matone ya mvua yanageuka kuwa madoa makubwa meupe yanayoziba uso wa mtu. Naomba mnielekeze nianze kurekebisha wapi, na pia namna ya kuvikinga vifaa bila kukwamisha kazi yenyewe.

Fundi wa Shata

Mleta mada, tuanze na hizo kingo mbili, kwa sababu zikieleweka mengine yanakuwa mepesi. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 36 kwa saa anasogea mita 10 kila sekunde, hivyo katika sekunde 1/250 anakuwa amesogea sentimita 4, na kwa mtu aliye mita chache kutoka kwenye lenzi hilo linaonekana wazi. Kwa hiyo shata yako haimgandishi. Kinachomgandisha ni muda ambao flashi yenyewe inawaka, na muda huo hutegemea nguvu uliyoichagua: flashi ndogo ikiwa kwenye nguvu kamili huendelea kutoa mwanga kwa muda unaokaribia ule wa shata yako, lakini ukiishusha hadi 1/16 ya nguvu hiyo mwanga hukatwa mapema, na flashi nyingi za aina hiyo huwaka kwa muda mfupi kuliko sekunde 1/5000. Katika muda huo mwendeshaji wako hasogei hata milimita 2.

Jambo la pili ni kuudhibiti mwanga wa mchana, maana ndio unaochora ile kingo hafifu. Tuseme chini ya mawingu mazito kamera inataka ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/4 (upana wa tundu la lenzi) na shata ya 1/250. Wewe acha ISO na shata zilivyo, kisha funga tundu la lenzi hadi f/8, ambazo ni stopu mbili, yaani mwanga umepunguzwa nusu mara mbili. Mandhari yatakuwa na giza la kupendeza na kingo hafifu itapungua sana, hasa mwendeshaji akipita mbele ya miti au ukuta mweusi. Akipita mbele ya anga jeupe, kingo hiyo itabaki hata ufanye nini, kwa hiyo chagua mandhari kabla ya kuchagua kitu kingine chochote.

Je, nguvu ya 1/16 itatosha? Chukua flashi yenye namba ya mwongozo 40 kwa ISO 100 (hicho ni kipimo cha nguvu ya flashi; ukikigawanya kwa namba ya f unapata umbali inaofika kwa mita). Kwa nguvu ya 1/16 namba hiyo inashuka hadi 10, na kwa ISO 400 inapanda hadi 20. Gawanya kwa f/8, unapata mita 2.5. Ukizifunga flashi zako mbili pamoja zikatazama upande mmoja, unafika mita 3.5 hivi. Jibu basi ni kuisogeza taa karibu badala ya kuiongeza nguvu, jambo ambalo wengi hulifanya kinyume.

Ile hali ya kasi kubwa ningekushauri uiache kwa siku ya mvua. Shata inapozidi kasi ya usawazisho na flashi (kwako ni 1/250), mapazia yake mawili huacha mwanya mwembamba tu unaopita mbele ya kihisi kinachopokea picha, kwa hiyo flashi hulazimika kupepesa mfululizo ili iufuate mwanya huo, na mwanga mwingi unaishia kwenye pazia lililofungwa. Huo ndio upungufu ulioulalamikia.

Taa Pembeni

Naunga mkono aliyetangulia, nami niongezee kuhusu matone. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Tone lililo nusu mita mbele ya flashi iliyo juu ya kamera hupata mwanga mara 64 ya ule unaomfikia mwendeshaji aliye umbali wa mita 4, yaani stopu 6. Tena tone hilo liko nje ya fokasi (sehemu ambayo lenzi inaionyesha kwa ukali), kwa hiyo linatanuka na kuwa doa. Hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kulitibu hilo. Dawa ni kuiondoa flashi hapo.

Iweke pembeni ya barabara, mbele ya mahali unaposimama wewe, ili mwendeshaji akifika kwenye alama yako, yaani pale ulipopanga kumpiga, taa iwe nyuma yake kidogo upande wa pili, ikitazama mgongo na bega. Zuia mwanga wake usiingie moja kwa moja kwenye lenzi. Mwanga unaotoka nyuma hupita ndani ya matone na kuyafanya yang'ae, na ile feni ya maji inayorushwa na tairi la nyuma utaiona tone kwa tone, pamoja na uzi wa maji unaochuruzika kutoka ukingo wa helmeti hadi kidevuni. Flashi ya pili iwe upande wako, mbali na kamera na dhaifu kuliko ya kwanza, kwa ajili ya uso tu.

Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Nguo na viatu vya waendeshaji vina vipande vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka. Flashi ikiwa juu ya kamera, vipande hivyo vinaungua kuwa vyeupe kabisa. Ikiwa pembeni, vinabaki na rangi yake ya kawaida.

Kivuli Kirefu

Nashukuruni sana, sasa nimeelewa kwa nini kuongeza nguvu hakukusaidia. Naomba niulize jambo moja zaidi: napenda picha ambazo mwendeshaji ametulia lakini barabara na miti vimevutika kwa mwendo. Inawezekana kwa flashi hizihizi, au nitakuwa narudi kwenye kingo mbili?

Spoki

Inawezekana, na kwa maoni yangu mvua huzipendezesha picha za namna hiyo kuliko jua. Shusha shata hadi 1/30 na umfuatishe mwendeshaji kwa kamera, ukizungusha kiuno na kuacha mikono ikiwa imetulia, ukianza kabla hajafika kwenye alama na kuendelea baada ya kubonyeza. Chagua usawazisho wa pazia la pili, ili flashi iwake mwishoni mwa mfichuo, yaani shata inapokaribia kufunga. Hapo michirizi ya mwendo itakuwa nyuma ya baiskeli. Ukiacha pazia la kwanza, michirizi hutokea mbele yake na baiskeli huonekana kama inarudi kinyumenyume.

Zingatia kwamba kutoka 1/250 hadi 1/30 umeongeza mwanga wa mchana kwa stopu 3. Kwa mfano wa Fundi, ISO 100 na f/8 zitakuacha stopu moja tu chini ya mwanga wa kawaida, kiasi ambacho kinatosha ili mandhari yaonekane. Kwa hali hiyo flashi zote mbili zitahitaji nguvu ya robo kufika mita 3.5, na muda wa kuwaka utarefuka kidogo, ila hilo halina madhara kwa kuwa kamera yako inakwenda pamoja na mtu. Uso na helmeti vitatulia, spoki zitazunguka, nawe utapata vyote viwili katika picha moja. Picha nyingi zitaharibika, ukubali hivyo tangu mwanzo.

Dada Lenzi

Kabla ya vifaa, kaka, fikiria wanaopita mbele yako. Barabara ikiwa na maji, breki huchelewa kushika na tairi huteleza kwa jambo dogo. Usiwashe flashi kuelekea machoni pa mtu anayeteremka au anayeingia kona, zungumza na waandaaji kabla ya siku yenyewe, na stendi ifungwe mfuko wa mchanga na isimamishwe upande wa ndani wa kona, kwa kuwa anayeteleza huangukia nje. Mimi huchagua mpando, yaani sehemu ya kupanda mlima. Mwendo hupungua karibu nusu, ambayo kwa hesabu ya Fundi ni nusu ya zile sentimita, na nyuso zina mengi zaidi ya kuonyesha.

Flashi ifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, mdomo ukitazama chini na kufungwa kwa raba shingoni. Nguvu ndogo inakusaidia hapa pia, kwani flashi inayopigwa mfululizo kwa nguvu kamili ndani ya mfuko hupata joto kali. Kipokezi cha redio kikae juu, kisizibwe na watazamaji, kwa kuwa miili ya watu na maji hupunguza nguvu ya mawimbi. Maji yakiingia ndani ya flashi, izime, toa betri, na usiifungue mwenyewe. Kapasita yake huhifadhi mamia ya volti hata ikiwa imezimwa.

Kwenye lenzi weka kofia yake (ile ya kukinga pembeni, siyo kifuniko) na uielekeze chini unaposubiri, beba vitambaa kadhaa vikavu, na usibadilishe lenzi mvuani. Ukiingia ndani kwenye joto, acha kamera kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba, vinginevyo mvuke utageuka kuwa matone kwenye vioo. Kadi ya kuhifadhia picha itoe kabla ya kulifunga begi, ili usilazimike kulifungua mapema kwa sababu ya kutaka kuona picha.