Tupeane uzoefu: intaneti ya waya wa simu inayosuasua kijijini

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wetu tunaoishi mbali, ambao mkongo haujatufikia na intaneti ya nyumbani inapita kwenye waya ule ule wa shaba wa enzi za simu ya mezani. Eleza tatizo lilivyokuwa, ulichogusa, na namba za kabla na baada. Ukisema "imepona" tu, mwenzako hapati kitu.

Naanza mimi. Niko kama kilomita 4 kutoka kituo cha simu, nikifuata waya unavyozunguka. Ruta ilikuwa inashika megabiti 1.1 kwa sekunde. Nilishabadilisha ruta mara mbili, hela ikaenda bure. Siku moja nikafungua soketi ya kwanza, ile inayopokea waya wa nje, nikakuta matawi matatu yanakwenda vyumba ambavyo simu iliondolewa zamani. Tawi la namna hiyo, lisilo na kitu mwishoni, linarudisha mawimbi nyuma na kuvuruga yanayoingia. Nikayachomoa yote, ruta nikaichomeka hapo hapo. 3.4! Iliniuma sana kukumbuka watoto walivyohangaika na masomo yao muda wote ule.

Mama Wawili
Kwangu ilikuwa mvua. Ikinyesha tu, laini inakatika kila baada ya dakika chache, jua likiwaka siku mbili inatulia. Kila nikipiga kulalamikia kasi naambiwa niwashe ruta upya. Kuna jirani akanishauri nisikilize simu yenyewe: inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili ule mlio ukatike, kisha nyamaza usikilize. Palitakiwa kuwa kimya kabisa. Mimi nikasikia krrr-krrr kama mtu anakaanga kitu. Nikaripoti kwamba sauti ya simu ni mbovu, sikutaja intaneti hata kidogo, na fundi akaja. Kwenye nguzo ya tatu akashusha kiungio kilichojaa maji, shaba imeota ukijani na imebaki nyembamba kama uzi. Akakata, akaunga upya kwa viungio vyenye jeli ndani. Hadi leo mvua inanyesha na laini haikatiki.

Mfugaji
Uzio wa umeme, jamani, uangalieni. Simu yangu ilikuwa na tik... tik... tik, karibu kila sekunde, na intaneti inayumba nayo. Nilichukua redio ndogo ya betri, nikaiweka mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, nikatembea nayo kandokando ya uzio. Penye nyasi ndefu zilizogusa waya, mlio ukapanda ghafla. Nikafyeka, nikabadilisha vikombe viwili vya kushikilia waya vilivyopasuka, tik ikaisha. Redio hiyo hiyo ikanionyesha chaja moja bandia pembeni ya ruta iliyokuwa ikivuma.

Fundi Mstaafu
Umefanya la maana, Mfugaji. Intaneti ya waya wa simu inatumia masafa hadi megahezi 1.1, na toleo la baadaye hadi 2.2, kwa hiyo redio za mawimbi ya kati zimo humo humo. Usiku stesheni hizo zinafika mbali zaidi, ndiyo maana wengi wenu mnaona laini inadhoofika jua likizama. Na kila simu iwe na kichujio chake, kile kidude kinachotenganisha sauti na intaneti, pamoja na king'ora cha wezi ambacho watu hukisahau.

Mwisho wa Lami
Mimi niko kilomita 6 na zaidi. Upotevu wa mawimbi njiani, ruta inaonyesha desibeli 63. Nimefanya yote mliyosema, nimetoka 0.4 hadi 0.7, basi. Umbali hauna dawa. Nimefunga antena ya intaneti ya simu za mkononi juu ya paa. Ila kosa langu kubwa lilikuwa kuzima na kuwasha ruta mara kumi kwa siku: mitambo mingi upande wa kampuni huona laini haijatulia, inaipunguzia kasi yenyewe.

Mgeni
Nimefungua soketi sasa hivi. Nyaya zilizofungwa ni tatu, siyo mbili. Niguse?

Fundi Mstaafu
Zinazofanya kazi ni mbili. Kama huo wa tatu unaelekea kwenye soketi za ndani, ulikuwa wa kengele za simu za zamani, nao unanasa kelele kama antena. Utoe hapo. Waya unaotoka nje usiuguse, huo ni wa kampuni.

Mgeni
Nimeutoa. 1.9 imekuwa 2.6. Nitairudia kuipima usiku.