Ushauri: Jirani anadai watoto wa paka wangu ni wa dume lake la rangi ya chungwa

MamaPusi_Tanga
Wanajukwaa, habari zenu. Paka wangu ni wa rangi tatu: ana madoa meusi na ya chungwa, na sehemu iliyobaki ni nyeupe. Amezaa dume wa rangi ya chungwa, jike wa rangi tatu kama yeye, na jike wa kahawia mwenye michirizi myeusi asiyeonyesha chungwa popote. Jirani ana dume la rangi ya chungwa, naye anashikilia kwamba watoto wote ni wa paka wake kwa kuwa mmoja amefanana naye, hivyo anataka apewe wawili. Mtaani wapo pia dume mweusi na mwingine wa michirizi. Je, rangi inaweza kuamua jambo hili? Sitaki kumnyima jirani haki yake, wala sitaki tugombane.

Mfugaji wa Pwani
Dada yangu, mtoto ambaye jirani anamtumia kama ushahidi, yule dume wa chungwa, ndiye asiyethibitisha chochote. Jeni ya rangi ya chungwa imo katika kromosomu X (mojawapo ya kromosomu mbili za jinsia, X na Y, zinazobeba jeni), na mwaka 2025 watafiti wa Japani na Marekani walieleza kwamba chanzo chake ni kipande kidogo cha DNA kilichokosekana katika eneo la jeni iitwayo ARHGAP36. Dume hupata X yake moja kwa mama na Y kwa baba, kwa hiyo huyo dume amerithi chungwa kwa mama yake, hata kama baba alikuwa mweusi tititi. Jike hupata X moja kwa kila mzazi, na dume la chungwa huwapa binti zake wote X yenye chungwa. Jike wa michirizi asiye na chungwa hawezi kuwa wake. Yule wa rangi tatu anaweza kuwa wa dume yeyote kati ya hao.

Binti wa Kilifi
Naongezea kuhusu michirizi. Je, madoa meusi ya mama ni meusi matupu? Kama ndivyo, jike huyo hakurithi michirizi kwa mama, kwa sababu jeni inayoidhihirisha hutawala, yaani nakala moja tu hutosha ionekane, na mama angeionyesha. Baba mweusi naye hanayo, basi dume wa michirizi ndiye wa kwanza kufikiriwa. Hata hivyo, jirani anaweza kuwa na sehemu yake, maana paka jike akiwa kwenye joto hupandwa na madume kadhaa, na uzao mmoja ukawa na baba zaidi ya mmoja.

Mzee wa Paka
Kabla ya kumjibu jirani, mkague vizuri yule mtoto wa michirizi, kwani weupe hufunika rangi iliyo chini yake, na doa dogo la chungwa linaweza kujificha. Hakikisha kwanza ni jike, kisha tazama kidevu, tumbo, ncha ya mkia, na katikati ya vidole.

MamaPusi_Tanga
Nawashukuru sana. Nimemkagua kwenye mwanga wa dirisha: ni jike, weupe uko kifuani tu, na sikuona unywele wa chungwa. Madoa ya mama ni meusi matupu. Nitamweleza jirani kwa upole kwamba huyu si wa dume lake, na kwa ujirani mwema nitampa yule wa chungwa atakapofikisha wiki 8.