Roboti imenifungia tiketi halafu ikaniambia "asante kwa mchango wako". ASANTE?!

Fundi Mabano:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mnivumilie.

Yule bwana mnamjua. Sitaji jina na nyie msitaje, uzi usije ukafungwa. Ni yule mwenye ile maktaba ya tarehe na saa, kipande cha programu kilichoandikwa tayari, ambayo kila mtu humu kaibandika kwenye mradi wake bila kuisoma. Yule anayetamba kila kona kwamba siku hizi hagusi kitu: roboti (programu inayojiendesha) inapima, roboti inapandisha namba ya toleo, roboti inatoa toleo, yeye anakunywa kahawa. Sasa leo hiyo roboti nimekutana nayo.

Maktaba yake inaumwa. Ukiipa saa za Afrika Mashariki, yale masaa matatu tunayoizidi saa ya dunia (UTC) inayatoa mara mbili. Mimi nina mfumo wa SACCOS fulani, meseji za kukumbusha marejesho zinatakiwa zitoke saa tatu asubuhi. Zinatoka saa kumi na mbili. Wazee wa watu wanaamshwa na deni, jogoo hata mswaki hajapiga. Mwenyekiti kanipigia akiwa bado na shuka.

Nikafungua tiketi, yaani ripoti ya tatizo kwenye mradi wake, kistaarabu kabisa. Nikaweka mfano wa tatizo, nikaweka na dawa yenyewe, mstari mmoja tu wa kubadilisha pamoja na jaribio lake. Ikaja roboti ya kwanza: saini makubaliano ya wachangiaji. Nikasaini. Ya pili: kuna nafasi ya ziada mwisho wa mstari. Nikaifuta. Ya tatu ikaendesha majaribio yote, kijani tupu juu mpaka chini. Nikatulia nasubiri binadamu.

Ikaja ya nne. "Tiketi hii imefungwa kwa kuwa haijachangamka siku za karibuni. Asante kwa mchango wako."

Mchango gani, wa harusi?

Na bado. Usiku huohuo likatoka toleo jipya. Nikalifungua mbio nikidhani labda dawa yangu imo. Maelezo: maktaba saidizi zimepandishwa. Wachangiaji wa toleo hili: roboti. Yaani roboti imeomba, roboti imekubali, roboti imetoa, roboti imepongezwa. Kuna roboti mle ndani muda huu inapandishwa cheo. Mimi mwenye damu na kodi ya nyumba nimeambiwa asante kwa mchango wako.

Nimepiga ukelele mama mwenye nyumba kaja kuuliza nani amefariki. Nikamfuata yule bwana kule anakoshinda, nikamwandikia aya nzima. Kajibu kidole gumba. Kimoja.

ASANTE KWA MCHANGO WAKO.

Chapati Mbili:
Nimekaa mkao wa kula. Ngoja waje wataalamu.

Bin Seva:
Pole mkuu, ila hizo za kufunga tiketi mara nyingi zinakuja na siku 60 za kimya ndiyo zinaweka alama, halafu 7 nyingine ndiyo zinafunga. Na ukiandika neno lolote hesabu inaanza upya. Ungeandika hata "up" kama unavyofanya kwenye nyuzi zako za kuuza kuku.

Fundi Mabano:
Siku 60 za wapi? Nimesoma faili lake la mipangilio, kashusha mpaka wiki mbili, kwa mkono wake. Hapo ndipo alipogusa kitu. Na kwa nini nipige hodi kila Jumatatu nimeshika dawa wakati mgonjwa ni wake?

Mzee wa Kroni:
Vijana mnapenda makuu. Mimi nina skripti ya bash na kroni ya kuiamsha kwa saa niliyopanga. Kila usiku inavuta mabadiliko, inaendesha majaribio, yakipita inaweka lebo na kupakia. Haijawahi kumshukuru mtu.

Kiroboto:
Mzee, wala haijawahi kukwambia kwamba ilishakufa mwaka juzi.

Mzee wa Kroni:
Ngoja niangalie.

Mama Semikoloni:
Mleta uzi unadeka. Ofisini kwetu kuna mtu kaunganisha matoleo yatoke yenyewe kwa kusoma maneno ya komiti, yale unayoandika ukihifadhi mabadiliko. Ukianza na "fix" inapanda namba ya mwisho ya toleo, "feat" inapanda ya katikati, ukiweka alama ya mshangao inapanda ya kwanza, maana yake umevunja utangamano na mifumo ya watu. Kijana wa fildi kamaliza kazi, kafurahi, kaandika "feat!: hatimaye". Tumeruka kutoka 2.9.1 kwenda 3.0.0 Ijumaa jioni, wateja wote wamepata barua pepe ya tahadhari. Simu zimeita mpaka Jumapili. Kilichobadilika ni rangi ya kitufe.

Chapati Mbili:
Rangi gani?

Mama Semikoloni:
Zambarau.

Bin Seva:
Machi 2016 jamaa mmoja alikasirika akaondoa kazi zake npm, lile ghala la maktaba za JavaScript. Moja ilikuwa mistari 11 tu, ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi. Miradi kibao duniani ikagoma kujengwa, npm wakairudisha wenyewe. Januari 2022 mwingine kaweka kitanzi kisichoisha (programu inajizungusha bila kukoma) ndani ya maktaba yake ya colors, makusudi, na watu walioacha roboti zipandishe matoleo bila kuangalia wakakimeza kizimakizima. Huyo wako ana adabu.

Kiroboto:
Kwani Fundi unailipia shilingi ngapi? Sifuri. Basi hata hiyo asante imezidi bei.

Fundi Mabano:
Sijaomba hela. Nimetaka binadamu mmoja aniambie "hapana". Hata tusi ningepokea, tusi linaandikwa na mtu.

Kiroboto:
Hapana.

Mwana wa Fomu:
Samahani, hiyo SACCOS iko upande gani? Kuna meseji inaniamsha saa kumi na mbili kila mwisho wa mwezi, nimegombana na mke wangu akidhani ni mchepuko.

Fundi Mabano:
Siwezi kutaja mkuu, ni siri ya mteja.

Mwana wa Fomu:
NDIYO WEWE.

Chapati Mbili:
Mnisaidie hapo kwenye mchango wa harusi. Kamati ya mtoto wa bosi wameweka mfumo wa kutuma vikumbusho. Kila asubuhi "ndugu, bado unadaiwa". Nimeshamalizia, bado unatuma. Mweka hazina anasema yeye hahusiki, ni mfumo.

Mama Semikoloni:
Sisi walitutumia vikumbusho na harusi ilishapita. Na ndoa yenyewe pia.

Mzee wa Kroni:
Nimeangalia. Uzi ufungwe.

Dalali wa Laptopu:
Wakuu nauza laptopu, i5, RAM 8, kioo kina ufa kidogo pembeni. Mwenye uhitaji aje PM.

Mwana wa Fomu:
Chaji inakaa?

Dalali wa Laptopu:
Inakaa vizuri tu ukiwa umechomeka.