Nyumba ya wageni Lushoto: naomba ushauri kuhusu mashine ya kadi

Mama wa Vyumba Sita

Habari za jioni wadau. Nina nyumba ya wageni huku Lushoto, njia ya kwenda Irente. Ilikuwa nyumba ya baba; alipofariki mimi na kaka tukaigeuza. Vyumba ni sita. Wageni wetu ni wa aina mbili. Kuna watu wa semina na harusi, hao wanalipa kwa Lipa Namba na hawana neno. Halafu kuna wazungu wanaokuja kutembea milimani, Wajerumani na Waholanzi wengi. Hao ndio wananitoa jasho.

Mwezi uliopita walikuja wawili, mtu na mkewe, wakalala siku tatu. Chumba 85,000, ukijumlisha chakula cha jioni na kijana aliyewatembeza msituni Magamba, deni likafika 342,000. Asubuhi ya kuondoka mabegi yako mgongoni, yule bwana ananinyooshea kadi. Nikamwambia hatuna mashine. Akacheka, alidhani utani. Nikamwita bodaboda ampeleke mjini. ATM ya kwanza haina huduma, ya pili ikamtemea kadi yake. Akarudi amenuna, akanipa noti moja ya yuro 100 na shilingi 40,000, na zilizopungua nikasamehe. Ile noti ina mpasuko pembeni. Nimeizungusha wiki mbili, benki Tanga wakaniambia hawaipokei.

Sasa afisa wa benki amekuja. Anasema mashine ni bure, makato 2.5% kwa kadi za ndani na 3.5% kwa kadi za nje. Kuna kijana mwingine wa kampuni ya malipo, yeye anasema sihitaji mashine, nitamtumia mgeni linki kwa WhatsApp alipe hukohuko aliko.

Maswali yangu: hiyo 3.5% ni haki au naibiwa? Naweza kumwongezea mgeni makato juu ya bili yake? Na la mwisho, kuna wageni wanaoshika chumba kwa kunitumia picha ya kadi, mbele na nyuma. Huwa naandika namba kwenye daftari la mapokezi. Nikishapata mashine naweza kutumia namba hizo kumkata asiyetokea?

Begi la Mashine

Dada, pole kwa yuro. Nilifanya kazi benki miaka sita kitengo cha kadi, nikizunguka Tanga, Same na Moshi na begi la mashine mgongoni. Nitakujibu, ila naanza na la mwisho maana ndilo lililonishtua.

Hilo daftari. Usiku huu huu kurasa zenye namba za kadi zichane uzitie jikoni. Picha kwenye simu zifute, na usiishie WhatsApp, nenda hadi kwenye albamu ya picha maana huwa zinajihifadhi na huko. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi haruhusiwi mfanyabiashara yeyote kuzihifadhi baada ya malipo kupita, awe hoteli ya nyota tano au genge la nyanya. Ni masharti ya PCI DSS, kanuni za kimataifa za kulinda taarifa za kadi, yapo tangu 2004, na mkataba wa mashine utakufunga nayo hata kama afisa hatakusomea. Namba ndefu, tarehe ya kuisha kadi na hizo tarakimu tatu zinamtosha mwizi kununua mtandaoni. Wa mapokezi akipiga picha ukurasa mmoja tu, umekwisha, na wewe umelala.

Kumkata asiyetokea kwa namba za daftari: mashine ya kawaida haikubali kupigiwa namba kwa mkono mpaka benki ikufungulie kipengele hicho, na kwa nyumba mpya ya vyumba sita hawafungui kirahisi. Wakifungua, bado ujue kwamba muamala ambao kadi haikuwepo mbele yako, mwenye kadi akiukana, mzigo unaangukia kwako. Kadi ikichomekwa, chipu ikasomwa, mwenyewe akabonyeza namba ya siri, hapo akija kusema "siyo mimi" anakuwa na kazi ngumu.

Makato sasa. 3.5% kwa kadi za nje siyo wizi. Pesa hiyo haiishii kwa benki yako. Kipande kikubwa kinakwenda benki iliyotoa kadi huko Ujerumani, kingine kwa Visa au Mastercard, kinachobaki ndicho cha benki iliyokupa mashine. Kwa hiyo ukibembeleza, unabembeleza kipande hicho cha mwisho tu. Bembeleza lakini. Nimeona watu wakishushiwa hadi 3% kwa sababu tu waliuliza, na wenzao wa nyumba ya jirani wakabaki palepale kwa kuona haya.

Kwa wale Wajerumani wako, 3.5% ya 342,000 ni 11,970. Ungepata 330,030 safi, bila bodaboda wala noti iliyochanika.

Kumwongezea mgeni juu ya bili, mikataba niliyoishika mikononi yote ilikataza. Panga bei yako vizuri tangu mwanzo. Chumba ukikiweka 88,000 kwa wageni wote, ukikatwa 3.5% unabaki na 84,920. Anayelipa kwa simu hatajua na hatalalamika.

Halafu neno "bure" lichunguze. Muulize afisa: kuna kiwango cha chini cha mauzo kwa mwezi, na nisipokifikia nini kinatokea? Karatasi za kuchapishia nani ananunua? Pesa inaingia baada ya siku ngapi za kazi? Mashine ikifa Jumamosi nani anapanda mlima? Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, na ndilo ambalo sisi tulikuwa tunalijibu kwa tabasamu.

Kuhusu yuro, tangu Machi 2025 kanuni za fedha za kigeni zinakataza kutaja bei au kupokea malipo ya ndani kwa fedha za nje. Bei zako ziwe za shilingi. Mashine itamkata shilingi, benki ya mgeni ndiyo itakayojua namna ya kuzigeuza yuro. Na karatasi ya mashine ya kadi siyo risiti ya kodi ya TRA, ile ya mashine ya EFD unampa vilevile.

Samaki wa Diani

Hamjambo ndugu zangu. Mie niko Diani, Kwale, nina mkahawa mdogo. Huyo ndugu wa benki kasema kweli tupu ila kuna jambo hakulitaja, nalo ndilo lililoniuma mimi.

Dadangu, jina litakalotokea kwenye karatasi ya mashine ni jina gani? Uliza kabla hujatia sahihi. Mimi kampuni yangu ilisajiliwa zamani kwa ajili ya biashara ya mbao ya babangu. Mkahawa ulipoanza nikatumia kampuni ileile, kwa uvivu tu. Mama mmoja Mmarekani kala pweza na wenzake, bili 6,400 za Kenya. Kadi yake haikuitisha namba ya siri, ikatoa karatasi ya kusaini, akasaini, akaniaga vizuri, akapiga na picha. Kufika kwao akaangalia taarifa ya kadi, aona duka la mbao Mombasa. Mbao za nini? Akaikana.

Benki ikaniandikia nilete karatasi yenye sahihi yake, nimepewa siku kumi. Nikakimbilia boksi la risiti. Lilikuwa dirishani karibu na jiko. Zile karatasi hazina wino, zinaandikwa kwa joto, basi jua na moto wa jiko vimezila. Nimeshika karatasi nyeupe pe, hata tarehe haionekani. Pesa ikarudi kwake. Nami sikumlaumu, mie mwenyewe ningeona duka la mbao ningekana.

Toka siku ile kila karatasi naipiga picha kwa simu palepale mezani, na zenyewe naziweka kabatini gizani. Na usizitupe upesi. Mgeni anaweza kukana hadi siku 120 baadaye, wewe ushamsahau hata sura.

Mtoto wa Soni

Mimi si mtaalamu wa benki, ni jirani tu hapo chini. Mashine ina laini ya simu ndani. Kabla hawajakufungia, simama mapokezi kwako na simu za mitandao mitatu uone upi unashika, maana huko juu mnajua wenyewe. Kuna jamaa huku laini yake haishiki ndani kabisa, ana jiwe nyuma ya banda la kuku ndiyo ofisi ya malipo. Mgeni wa kigeni anafuatishwa hadi kwenye kuku na kadi yake mkononi. Ukungu ukishuka wanasubiri wote.

Begi la Mashine

Nimecheka hadi chai imenipalia. Ila hapo pa mtandao pana mtego, ngoja niongeze.

Mtandao ukikatika katikati ya muamala, mashine inasema umeshindikana, na mgeni wakati huohuo anapata ujumbe wa benki yake kwamba amekatwa. Usichanje mara ya pili kwa haraka. Chapisha orodha ya miamala ya siku hiyo kutoka kwenye mashine, uone upo au haupo. Kama haupo, mara nyingi ile pesa imeshikiliwa tu huko kwao na itaachiwa. Mpe mgeni karatasi ya kushindikana aondoke nayo. Nimesuluhisha kesi za watu waliokatwa mara tatu kwa chumba kimoja, na mwenye hoteli anaapa hajapata hata senti, kumbe mbili zimeingia.

Na ukikosea kiasi, ukaandika 850,000 badala ya 85,000, futa muamala siku hiyohiyo kabla hujafunga hesabu ya mashine. Ukishafunga inakuwa kurudisha pesa, na hilo linachukua siku, mgeni yuko Serengeti anakupigia simu.

Samaki wa Diani, la jina nimelisahau kweli, asante. Nafasi ni herufi 25, na maafisa wengi wanajaza lililo kwenye leseni bila kuuliza.

Mama wa Vyumba Sita

Asanteni sana, Mungu awabariki. Daftari nimelichana jana usiku. Kurasa zilikuwa kumi na moja. Kaka alidhani nimechanganyikiwa, nachoma karatasi saa nne usiku na ugali umeshaiva.

La jina limenigusa. Leseni yetu bado ina jina la baba na neno "duka", maana mwanzoni aliuza mbolea hapo mbele. Kesho naanza kulishughulikia BRELA, wanaosajili majina ya biashara, na halmashauri kabla ya kusaini chochote.

Sasa naomba niulize la linki. Kama daftari limekufa, mtu akitaka kushika chumba kutoka kwao, linki si ndiyo dawa?

Begi la Mashine

Ndiyo, kwa kazi hiyo linki ni nzuri kuliko mashine. Namba za kadi anaziandika mgeni mwenyewe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, wewe huzioni, kwa hiyo huna cha kuibiwa. Hakikisha tu kampuni hiyo ina leseni ya Benki Kuu ya kutoa huduma za malipo. Usikubali picha ya leseni kutoka kwa kijana, tazama orodha ya Benki Kuu yenyewe.

Uliza pia kama linki inamtaka mgeni athibitishe kwa benki yake, ule ujumbe wa namba ya siri ya mara moja au kubonyeza kwenye programu ya benki. Akithibitisha hivyo, kisha akaja kudai kadi iliibiwa, kwa kawaida mzigo unahamia benki yake. Bila uthibitisho, uko palepale pa daftari.

Ila haikukingi na yule atakayesema "nilighairi, wakanikatalia pesa yangu". Hapo kinga yako ni maneno. Mpe linki ya usiku mmoja tu kama amana, na kwenye ujumbe uleule wenye linki andika kwa Kiingereza chepesi: ukighairi zikiwa zimebaki chini ya siku tatu ufike, amana hairudi. Asilipe kwa linki kabla hajajibu ndiyo. Huo ujumbe usiufute hata simu ikijaa, futa video za harusi.

Samaki wa Diani

Hapo kwa video za harusi umetugusa wengi.

Mama wa Vyumba Sita

Narudi na mrejesho baada ya wiki tano. Jina limebadilika, nimezunguka lakini limebadilika. Afisa alikuwa ameshajaza lile la zamani kwenye fomu, nikamwomba fomu mpya, akashangaa nimejuaje. Makato ya nje ameshusha hadi 3.2%, kiwango cha chini cha mauzo wamekiondoa kwa miezi sita. Mtandao unashika mapokezi karibu na dirisha la mashariki, tumesogeza meza.

Juzi aliyekuja kufunga mashine alitaka tujaribu. Kaka akatoa kadi yake, tukachanja shilingi 1,000. Karatasi ikatoka na jina letu jipya na neno LUSHOTO limekatika herufi ya mwisho, nafasi haikutosha. Nimeipiga picha. Leo asubuhi imeingia 975.