Pat Summitt alikabidhiwaje timu ya chuo kikuu akiwa na miaka 22 tu?

mdunda_kikapu

Wakubwa zangu, shikamooni. Nina miaka 23, ni kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Kocha wetu mkuu anakwenda masomoni, na nimedokezwa kwamba huenda timu ikaachwa mikononi mwangu. Tangu nisikie hivyo usingizi umepaa. Wachezaji wawili ni rika langu kabisa, na mmoja wao tulicheza pamoja, ananiita kwa jina la utani mbele ya wenzake.

Nikamkumbuka Pat Summitt wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani. Yeye naye alianza ukocha mkuu mwaka 1974 akiwa na miaka 22. Lakini kila ninapomsoma nakutana na hesabu za mwisho: ushindi 1,098, ubingwa wa taifa mara 8. Mimi nataka mwaka wa kwanza. Walimpaje timu mtu wa umri ule? Na aliwashikaje wasichana waliokuwa wenzake?

bibi_wa_benchi

Marahaba, mwanangu. Nilisoma Knoxville, mji wa chuo hicho, kuanzia 2006 hadi 2008, na mechi za nyumbani nilizokosa ni chache mno. Habari za mama huyu nimezifuatilia kabla na baada ya hapo, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Walimpa kwa sababu haikuwa kazi ya kugombaniwa. Aliitwa kuwa msaidizi, huku akisomea shahada ya uzamili. Kabla msimu haujaanza, kocha mkuu akachukua likizo ya masomo (unaona mnavyofanana!), naye Pat Head, maana hajaolewa bado, akaambiwa timu ni yako. Malipo yalikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliliendesha mwenyewe. Jezi alizifua mwenyewe, na jezi zenyewe zilikuwa zimenunuliwa mwaka uliotangulia kwa fedha za kuuza donati. Kuna safari moja walilala sakafuni katika ukumbi wa timu pinzani, wakachezea hapohapo siku ya pili.

Sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, ile inayoitwa Title IX, ilikuwa na miaka miwili tu. Vyuo vilikuwa bado vinajikuna kichwa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hakikuwa na mashindano ya wanawake. Kilianza kuyaandaa 1982. Basi ukisikia alipewa timu, elewa kwamba alipewa funguo za gari na rundo la nguo za kufua.

Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Chuo Kikuu cha Mercer, alifungwa 84 kwa 83. Pointi moja! Msimu ule alimaliza na ushindi 16 na vipigo 8. Kwa miaka yote 38 aliyofundisha pale, hakumaliza msimu hata mmoja akiwa amefungwa zaidi ya alivyoshinda.

Wachezaji wake kadhaa alikuwa amewazidi mwaka mmoja tu. Alichowazidi hasa ni kazi. Amekulia shambani, kwenye ng'ombe wa maziwa na tumbaku, na kikapu alijifunzia juu ya dari la ghala la nyasi pamoja na kaka zake watatu waliomtangulia, ambao hawakumhurumia kwa kuwa ni msichana. Alipofika umri wa sekondari, shule ya kwao haikuwa na timu ya wasichana. Baba yake akahamisha familia nzima hadi Henrietta, kuvuka mpaka wa wilaya, ili binti apate pa kuchezea. Mzee yule alikuwa mkali na mchache wa maneno, lakini alihamisha nyumba kwa ajili ya mpira wa binti yake. Hapo huwa nasita kila ninapolikumbuka.

Samson_K

Umesahau kwamba alikuwa mchezaji mkubwa pia. Alichukua dhahabu ya Olimpiki 1976 na 1984. Mtu wa namna hiyo hata akiwa na miaka 22 wachezaji watamsikiliza.

bibi_wa_benchi

Ndugu Samson, karibu ulingane na ukweli. Mwaka 1976 kule Montreal, mara ya kwanza wanawake kucheza kikapu katika Olimpiki, alikuwa nahodha mwenza na walipata medali ya fedha. Dhahabu iliondoka na Wasovieti. Dhahabu ya 1984 Los Angeles aliipata akiwa kocha.

Na hilo linamgusa binti yetu zaidi, maana 1974 alipokabidhiwa timu hakuwa na medali yoyote ya Olimpiki. Alikuwa na goti bovu. Aliliumiza akiwa mwaka wa mwisho wa chuo, na wakati ule goti kama hilo mara nyingi lilimaliza safari ya mchezaji. Hivyo mwaka ule wa kwanza alikuwa anafundisha timu, anasoma, na baadaye anafanya mazoezi yake mwenyewe ili goti limfikishe Montreal. Wasichana waliona kocha anakimbia kuliko wao. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza kwao, kabla hawajazoea lile jicho lake kali.

Dada_Rehema

Jicho! Ndilo ninalotaka tuliseme wazi. Mimi namheshimu, lakini alikuwa mkali kupita kiasi. Nimeona picha za video anavyomtazama mchezaji aliyekosea pasi, hadi mimi niliyekaa nyumbani nikashtuka. Mdunda_kikapu, usije ukaanza kumwiga kwa kuwakazia macho watu.

bibi_wa_benchi

Dada Rehema, sikatai. Lile jicho lilikuwepo, na wapo waliolia kwa ajili yake. Ila ukali wake ulikuwa na mahali pa kuelekea. Chukua suala la masomo. Mchezaji wa Tennessee alitakiwa akae katika mistari mitatu ya mbele darasani, na asikose kipindi. Ukikosa kipindi, hukucheza, hata uwe nyota. Katika somo moja nilikuwa pamoja na msichana wa timu, mrefu, mpole. Sisi wengine tulijazana nyuma karibu na mlango. Yeye kila siku mbele, daftari wazi, hata asubuhi baada ya safari ya mechi. Kila mchezaji aliyemaliza miaka yake yote ya kucheza chini ya Summitt alihitimu. Wote.

Jambo jingine ni ule mchezo wa wachezaji sita. Katika sekondari za Tennessee wasichana walicheza sita kwa sita: watatu walishambulia, watatu walilinda, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati, eti miili yao isichoke. Msichana aliyewekwa ulinzi angeweza kumaliza sekondari bila kufunga kikapu kimoja katika mechi. Chuo gani kitampa ufadhili? Summitt akasimama hadharani kupinga, akiwa bado kijana mdogo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 utaratibu ukabadilishwa.

mdunda_kikapu

Asanteni sana. Bibi, hilo la kufungwa kwa pointi moja sikulijua. Nikuulize jingine: je, aliwahi kuwa na timu iliyomvunja moyo? Yetu ina vipaji lakini tunapoteza mechi ambazo tulipaswa kushinda.

bibi_wa_benchi

Soma msimu wa 1996-97. Walipoteza mechi 10, watu wakaanza kusema enzi zake zimepita, kisha Machi ilipofika wakachukua ubingwa. Mwaka uliofuata, wakiwa na Chamique Holdsclaw, Tamika Catchings na Semeka Randall, wakashinda mechi zote 39. Ukiniuliza mimi, ule wa vipigo 10 ni ukocha mkubwa zaidi.

Na kwa kuwa umetaja kuvunjika moyo: Septemba 1990 alikuwa mjamzito wa siku za mwisho, akapanda ndege hadi Pennsylvania kumshawishi Michelle Marciniak, mchezaji wa sekondari, ajiunge naye. Uchungu ukaanza. Akamaliza mazungumzo kwanza! Wakati wa kurudi rubani akapendekeza watue Virginia. Akakataa katakata, mtoto atazaliwa Tennessee, na tena timu ya Chuo Kikuu cha Virginia ndio waliomtoa kwenye mashindano Machi ile, mwaka ambao fainali zilichezwa Knoxville kwao. Mwanawe Tyler akazaliwa Tennessee. Marciniak naye akachagua chuo kingine, Notre Dame. Baada ya msimu mmoja akahama, akaja Tennessee, na 1996 akawa mchezaji bora wa fainali katika ubingwa wao.

Dada_Rehema

Nilikuwa sijui hilo la ndege. Mimi kinachoniuma hadi leo ni ugonjwa. Agosti 2011, miaka 59, anatangaza ana Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

bibi_wa_benchi

Nami pia. Alifundisha msimu mmoja zaidi huku wasaidizi wakibeba mengi, na Aprili 2012 timu ikaenda kwa Holly Warlick. Alifariki Juni 2016 akiwa na miaka 64. Lakini mdunda_kikapu, mwangalie Warlick. Alikuwa mchezaji wake kuanzia 1976, akawa msaidizi wake tangu 1985, akasimama kando yake hadi siku ya mwisho. Wasichana wale wa mwanzo, waliokaribiana naye umri, humo ndimo alimopata mtu wa kumwachia timu. Huyo anayekuita jina la utani usimfukuze haraka.

mdunda_kikapu

Nimeisoma hiyo mara tatu. Jioni hii naenda kwake, kabla habari hazijamfikia kutoka kwa wengine. Nitamwomba aniite kocha uwanjani, na nitamuuliza yeye angefanya nini na ulinzi wetu, kwa sababu kusema kweli analijua hilo kuliko mimi.