Je, uhuru wa Ufini ulikuwa zawadi ya Lenin?

Muulizaji: Nimesoma mara nyingi kwamba Ufini, iliyokuwa chini ya Urusi, ilipata uhuru kwa hisani ya Lenin, kiongozi wa Urusi, kwa kuwa serikali yake iliutambua tarehe 31 Desemba 1917. Mbona basi Wafini huadhimisha tarehe 6 Desemba? Naomba kueleweshwa.

Mchangiaji wa kwanza: Tarehe 6 ndipo Bunge mjini Helsinki lilipoidhinisha tamko la uhuru lililowasilishwa siku mbili kabla na Seneti (yaani serikali ya Ufini) iliyoongozwa na P. E. Svinhufvud, kwa kura 100 dhidi ya 88. Wasoshalisti waliopiga zile kura 88 hawakuukataa uhuru wenyewe. Walitaka upatikane kwa makubaliano na Urusi. Lenin alitambua jambo lililokwisha kuamuliwa, ingawa ni kweli kwamba Uswidi, Ujerumani na Ufaransa zilisubiri Urusi itangulie, nazo zikafuata tarehe 4 Januari 1918.

Mchangiaji wa pili: Naona tumeanzia mwishoni. Urusi ilipoinyang'anya Uswidi nchi hiyo mwaka 1809, Tsar Alexander I aliahidi mjini Porvoo kuheshimu sheria na dini ya wenyeji, na katika miaka iliyofuata Wafini wakawa na Seneti yao na, kuanzia 1860, hata fedha yao, markka. Nikolai II alipoanza kuipunguza haki hiyo kwa ilani ya Februari 1899, watu zaidi ya 500,000 walitia saini ombi la kumpinga, naye akakataa kuupokea ujumbe uliolipeleka. Mgomo mkuu wa 1905 ndio uliomlazimisha kulegeza kamba: mwaka 1906 likaundwa Bunge la wajumbe 200 ambalo wanawake waliruhusiwa kulipigia kura na kugombea viti vyake (19 walishinda mwaka uliofuata, jambo ambalo kwa maoni yangu halitajwi vya kutosha). Kwa hiyo utawala wa Tsar ulipoanguka Machi 1917, chombo cha kuamua kilikuwapo tayari.

Mchangiaji wa tatu: Nakubaliana nawe, ila neno "zawadi" lina kasoro nyingine. Lenin alitarajia kwamba wafanyakazi wa Ufini wangefanya mapinduzi yao na kurudi upande wake. Mapinduzi yalianza kweli mwishoni mwa Januari 1918, yakazaa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua watu zaidi ya 35,000, wengi wao wakiwa wafungwa wa upande Mwekundu (wa wanamapinduzi) walioshindwa. Mpaka na Urusi ulikubaliwa kwa mkataba mjini Tartu, Oktoba 1920.

Muulizaji: Nashukuru. Sikujua kwamba waliopiga kura ya hapana nao waliutaka uhuru.