Kijana kamgonga shemeji yangu, wazazi wake wanataka "tuyamalize". Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mtaani kwetu kuna kijana wa miaka 19, kila jioni anachukua gari la baba yake na kulikimbiza kama yuko kwenye mashindano. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, yeye hata 90 anapita. Tulimwambia mzee wake, akajibu "damu inachemka, atatulia".

Wiki tatu zilizopita alimgonga shemeji yangu aliyekuwa anatoka dukani. Hakufika hospitali akiwa hai.

Wazee wao wametoa ubani, tumepokea, ni desturi. Lakini sasa wanataka dada asaini karatasi kwamba amesamehe, kesi ifutwe. Ninavyojua kesi kama hii ni ya Jamhuri, si ya dada. Hiyo karatasi ina uzito gani? Na akisaini, hawezi kupoteza fidia ya bima?

Sitaki kijana aozee jela, ni rika la mwanangu. Ila ashike tena usukani mwezi ujao? Hapana.

Na matuta ya barabarani je, kwa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tunapitia serikali ya mtaa au tunaenda wenyewe?